Kanula Isiyo na Mwenyewe

Mzee alinyoosha mkono wake wa kushoto juu ya shuka, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia asubuhi ile: "Sista, hii bado ina kazi gani?"

Nilifungua faili lake. Dawa zote alizokuwa akichomwa kwa mshipa zilikuwa zimekwisha kubadilishwa kuwa vidonge, na dripu ilikuwa imesitishwa tangu alipoanza kula na kunywa vizuri. Hakuwa akisubiri kuongezewa damu, wala hapakuwa na kipimo chochote kilichohitaji njia ya mshipa. Hata hivyo kanula ya waridi, yaani ule mrija mdogo wa plastiki unaoachwa ndani ya mshipa ili kupitisha dawa na maji, ilikuwa bado imekaa nyuma ya kiganja chake, chini ya plasta iliyoanza kujikunja pembeni, na tarehe iliyoandikwa juu yake kwa kalamu ilikuwa imefutwa na maji ya kuoga hadi likabaki doa la wino. Nilipopitisha vidole viwili juu ya mshipa, kuanzia pale plasta ilipoishia kuelekea kwenye kiwiko, nilikuta sehemu yenye urefu wa karibu nusu kidole imekakamaa, tena ina joto kuliko ngozi ya kando yake. Mzee alikunja uso.

"Imeanza kuuma lini, mzee wangu?"

"Tangu juzi. Nilidhani ndivyo inavyokuwa."

Kanula ilitolewa papo hapo, na mkono ukapona bila matatizo zaidi. Mwingine angeona jambo limekwisha. Mimi swali lake lilinifuata kwa wiki nyingi, kwa sababu nilipofuatilia kumbukumbu za mzee yule sikumwona mtu aliyezembea. Madaktari wa raundi walipita. Wauguzi wa kila zamu walipita, wakampa vidonge vyake kwa wakati, wakampima shinikizo la damu kwenye mkono uleule. Kila mmoja aliiona kanula ile, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kudhani kwamba kuitoa ni kazi ya mwingine.

Kuweka kuna mwenyewe

Kanula inapowekwa, wajibu unaonekana wazi. Daktari ameandika dawa, muuguzi ameandaa trei, amechagua mshipa, amechoma, amefunga plasta, ameandika jina lake. Mgonjwa mwenyewe anamkumbuka, hasa ikiwa alichomwa zaidi ya mara moja.

Kutoa hakuna amri.

Dawa ya mwisho inapoingia, hakuna kengele inayolia. Daktari anapobadilisha sindano kuwa vidonge, huandika vidonge. Mara chache sana huandika pia kwamba kanula itolewe. Muuguzi anayesoma maagizo anaona kazi mpya ya kufanya, na kifaa kilichobaki mkononi mwa mgonjwa hakimo kwenye orodha yoyote. Kuanzia saa ile kanula inakuwa haina mwenyewe, ingawa imelala ndani ya mshipa wa mtu.

Nilijiuliza kama hili ni tatizo la wodi moja tu. Halikuwa. Mwaka 2018 zilichapishwa takwimu za utafiti mkubwa uliokagua kanula 40,620 katika hospitali za nchi 51, na takriban asilimia 14 kati ya hizo zilikuwa kwa wagonjwa wasio na dawa wala maji yoyote yaliyoandikwa kupita humo. Ukikumbuka kwamba, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaolazwa huhitaji njia ya mshipa wakati fulani wa kulazwa kwao, utaona kwamba asilimia 14 ni watu wengi mno wanaobeba hatari isiyo na faida hata kidogo.

Na kauli hiyo ndiyo kiini cha yote ninayotaka kusema. Kanula yenye kazi ina hatari, lakini hatari hiyo inalipwa na dawa inayopita ndani yake. Kanula isiyo na kazi ni hatari tupu.

Vimelea hupita wapi

Ngozi ndiyo ukuta wetu wa kwanza, na kanula ni tundu tulilolitoboa wenyewe kwenye ukuta huo, kisha tukaliacha wazi kwa siku kadhaa. Vimelea vina njia nne za kulitumia. Vile vinavyoishi juu ya ngozi ya mgonjwa hushuka kando ya plastiki, kupitia kidonda kidogo cha kuchomwa. Vile vilivyo kwenye mikono yetu hubaki kwenye mdomo wa kanula kila tunapoufungua au kuuunganisha na mpira wa dripu, kisha husukumwa ndani pamoja na dawa. Kwa nadra, dawa au maji yenyewe huwa yamechafuliwa. Na wakati mwingine vimelea vilivyokwisha kuingia kwenye damu kutoka kwingineko, labda kwenye mapafu au njia ya mkojo, hunasa kwenye plastiki na kuweka makazi.

Vikishanasa, vingi hutengeneza utando unaoteleza, kama ule unaojijenga ndani ya mtungi wa maji usiosuguliwa. Ndani ya utando huo bakteria hujificha, na antibiotiki zinazoweza kuwaua wakiwa wametawanyika kwenye damu hushindwa kuwafikia. Ndiyo maana kanula iliyoambukizwa haiokolewi kwa dawa. Hutolewa.

Ninayemwogopa zaidi ni Staphylococcus aureus, anayeishi kwa amani puani na kwenye ngozi za watu wengi wenye afya. Akiingia kwenye damu anaweza kutua kwenye vali za moyo, kwenye pingili za uti wa mgongo, kwenye maungio. Hata pale mambo yanapokwenda vizuri, mgonjwa huhitaji matibabu ya angalau siku 14 kuanzia damu inapoonekana kuwa safi. Mtu aliyelazwa kwa homa ya mapafu, akakaribia kuruhusiwa, anaweza kujikuta anaanza safari mpya na ndefu kuliko ile iliyomleta hospitalini, na chanzo chake ni plastiki ndogo ambayo hakuna aliyeihitaji tena.

Kidole kinachorudi kwenye mshipa

Sitaki ieleweke kwamba uwekaji ni jambo dogo. Mengi huharibika pale, na huharibika kwa sekunde chache.

Mikono husafishwa kwanza, hata kama glavu zitavaliwa, kwa kuwa glavu haziondoi vimelea vilivyo mikononi, na aghalabu huguswa na vidole hivyohivyo wakati wa kuvaliwa. Ngozi ya mgonjwa husuguliwa kwa dawa yenye spiriti, na pale inapopatikana, spiriti yenye klorheksidini, dawa ya kuua vimelea kwenye ngozi. Kisha huachwa ikauke yenyewe kwa kiasi cha sekunde 30. Haipepewi kwa mkono, haipulizwi kwa mdomo, haifutwi kwa pamba. Spiriti inafanya kazi wakati inapokauka, na anayechoma kabla haijakauka anakuwa amemuumiza mgonjwa bure na hajapata usafi aliokuwa akiutafuta.

Halafu inakuja ile sekunde ninayoiangalia kuliko zote kila ninapowafundisha wanafunzi. Ngozi imekwisha kusafishwa, imekauka, sindano iko mkononi, na mshipa ulioonekana vizuri dakika moja iliyopita sasa unaonekana kama umejificha. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinanyanyuka chenyewe na kugusa tena pale pale patakapochomwa. Ni mazoea ya mikono, na hata mtu mwangalifu hufanya hivyo bila kujua. Mguso huo unafuta kazi yote iliyotangulia, na aliyegusa hana budi kusafisha upya na kusubiri upya. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba kusubiri mara ya pili mbele ya mgonjwa kunamfanya aonekane hajui kazi. Nilimjibu kwamba mgonjwa anayemwona muuguzi akisafisha mara ya pili amemwona muuguzi anayejali, na namna nzuri ya kumtuliza ni kumwambia kwa sauti kile unachokifanya na kwa nini.

Baada ya hapo, kanula inaishi kwa namna inavyotunzwa. Mdomo wake usuguliwe kwa spiriti kila unapotumiwa, kwa nguvu, na uachwe ukauke. Plasta iwe safi, iwe ya kuonekana ndani ikiwezekana, na ibadilishwe mara inapolowa, inapochafuka au inapoachia. Maji ya chumvi ya kusafishia kanula yasichotwe kutoka kwenye mfuko mmoja kwa ajili ya wagonjwa wengi. Mfuko huo ukichafuliwa mara moja tu, unamgawia kila mmoja. Mpira uliopitisha damu au lishe ya mafuta usiachwe uendelee kwa siku kama ule uliopitisha maji ya kawaida, kwa sababu vimiminika hivyo ni chakula kizuri kwa vimelea.

Na bandeji.

Mara nyingi, hasa kwa watoto na wazee waliochanganyikiwa, tunazungusha bandeji mkono mzima ili kanula isichomoke. Nia ni njema. Lakini tukishaifunika hivyo tumejiziba macho, na mtoto anayelia kwa sababu mshipa wake umevimba tunamhesabu kuwa analia kwa sababu amechoka. Kama bandeji haina budi kuwekwa, basi ifunguliwe kila zamu, na kinachoonekana chini yake kiandikwe.

Plastiki iliyotufanya tusahau

Mwaka 1832, katika mlipuko wa kipindupindu, daktari Thomas Latta wa Leith huko Scotland aliingiza maji yenye chumvi kwenye mishipa ya wagonjwa waliokuwa wakikata roho, na baadhi yao wakaamka. Kwa zaidi ya karne moja baada yake, njia ya mshipa ilikuwa sindano ya chuma. Ilimlazimu mgonjwa kulaza mkono bila kuusogeza, na ikitikisika ilitoboa mshipa. Mwaka 1950, David Massa wa Mayo Clinic, mjini Rochester, Marekani, alieleza kifaa chake cha plastiki kilichovalishwa juu ya sindano: sindano huchoma, kisha hutolewa, na plastiki laini hubaki.

Kifaa kile kiliokoa watu wasiohesabika. Hata hivyo naona kwamba wepesi wake ulikuja na gharama ambayo hatukuizungumza vya kutosha. Sindano ya chuma ilijitangaza yenyewe kila saa. Mgonjwa hakuweza kuisahau, na muuguzi hakuweza kuipita. Plastiki haisumbui. Mgonjwa anaoga nayo, analala nayo, anatembea nayo koridoni. Imekuwa sehemu ya mkono wake, na macho yetu yamezoea kuipita kama yanavyopita saa au bangili.

Ratiba au macho?

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba kanula hubadilishwa baada ya saa 72 hadi 96, iwe inaonekana nzuri au mbaya. Kanuni ilikuwa rahisi, na urahisi wake ulikuwa nguvu yake. Kisha mwaka 2012 watafiti wa Queensland, Australia, wakiongozwa na Claire Rickard, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 3,283. Nusu yao walibadilishiwa kanula kwa ratiba ya kila siku ya tatu, na nusu walibadilishiwa pale tu ilipoonekana sababu. Flebitisi, yaani mshipa kuvimba na kuuma, iliwapata asilimia 7 katika makundi yote mawili. Hoja ikawa nzito: kama kubadilisha kwa ratiba hakumkingi mgonjwa, basi tunamchoma mara nyingi zaidi bila faida, na tunatumia vifaa na muda ambao ungetumika kwingine. Hospitali nyingi ziliacha ratiba.

Niliiunga mkono hoja hiyo, na hadi leo naiona ina haki yake. Kila anayewahudumia wagonjwa waliokaa hospitalini muda mrefu anajua mishipa inavyokwisha, na anajua uso wa mgonjwa anayeambiwa kwamba kanula inayofanya kazi vizuri itatolewa ili achomwe upya.

Lakini mwaka 2021 ilitoka taarifa ya hospitali za chuo kikuu cha Geneva, Uswisi, iliyohusisha zaidi ya kanula 400,000. Huko waliacha ubadilishaji wa kila saa 96, wakaanza kutoa kanula pale tu penye sababu. Maambukizi ya damu yaliyotokana na kanula yaliongezeka. Yalibaki machache kwa kila kanula, lakini yaliongezeka, na waliporudi kwenye ratiba ya zamani yakapungua tena.

Nilizisoma taarifa hizi mbili nikiwa na mzee yule kichwani, na kwa muda fulani nilidhani sina budi kuchagua upande. Sasa sidhani hivyo. Jaribio la Queensland lilihesabu hasa flebitisi, jambo la kawaida kiasi kwamba wagonjwa elfu tatu wanatosha kulionyesha. Maambukizi ya damu ni nadra mno kuonekana vyema katika idadi hiyo. Tena katika jaribio, mtu ameajiriwa kuitazama kanula kila siku. Katika wodi ya kawaida, usiku, muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa wengi, "pale penye sababu" inageuka kwa urahisi kuwa "pale mgonjwa atakapolalamika".

Ratiba ilikuwa inafanya kazi mbili, nasi tuliiona moja tu. Ilibadilisha kanula, ndiyo, lakini pia ilimlazimisha mtu kusimama mbele ya mkono wa mgonjwa na kuuangalia. Tulipoiondoa kazi ya kwanza, ya pili iliondoka nayo bila mtu kuiaga. Anayeacha ratiba bila kuweka mahali pake ukaguzi wa kila zamu, unaoandikwa, ameacha vyote viwili. Hayo ndiyo maoni yangu.

"Tuiache tu, huenda ikahitajika"

Hoja hii naisikia kila wiki, na naiheshimu, kwa kuwa wanaoisema ni watu waliokwisha kuona usiku mgumu. Mgonjwa anazidiwa ghafla, shinikizo la damu limeshuka, mishipa imelala, na kila dakika inayopotea kutafuta mahali pa kuchoma ina uzito. Aliyepitia hali hiyo hawezi kulaumiwa anaposita kutoa kanula nzuri.

Ila swali ni kama kanula iliyoachwa kwa tahadhari itakuwa inafanya kazi saa hiyo. Tafiti mbalimbali zinaonyesha kwamba kati ya theluthi moja na nusu ya kanula huharibika kabla tiba haijakwisha: huziba, huchomoka, huvimba, au dawa humwagika nje ya mshipa. Hizo ni zile zinazotumiwa. Iliyokaa bila kupitisha kitu, bila kusafishwa kwa maji ya chumvi, ina uwezekano mkubwa wa kuwa imeziba kwa damu iliyoganda, na katika dharura itampotezea mtu dakika zilezile alizotaka kuziokoa. Mbaya zaidi, ikiwa imetoka kidogo kwenye mshipa, dawa kali ya kupandisha shinikizo la damu itamwagika kwenye nyama ya mkono na inaweza kuiua.

Wapo wagonjwa ambao tahadhari hiyo ni sahihi kwao. Aliyetapika damu jana, mwenye degedege ambazo hazijatulia, mwenye mapigo ya moyo yasiyoaminika. Kwa hao naomba jambo moja tu: sababu iandikwe. Ikiandikwa, kanula ina kazi, ina mwenyewe, na zamu ijayo itajua kuitunza na kuihoji. Neno "huenda" lisilo na maelezo si sababu ya kitabibu.

Kuna kundi la kanula lisilohitaji mjadala. Zile zilizowekwa katika vurugu za dharura, kando ya barabara au katika chumba cha kufufulia, pale ambapo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusubiri ngozi ikauke. Hizo zinatakiwa zibadilishwe mapema iwezekanavyo, na zisizidi saa 48. Tatizo ni kwamba mgonjwa akifika wodini hakuna anayejua kanula yake iliwekwa katika hali gani, isipokuwa aliyemleta ameandika.

Kidonge nacho ni dawa

Mara nyingi kanula hubaki kwa sababu dawa imebaki kwenye mshipa, na dawa imebaki kwenye mshipa kwa sababu sote, wagonjwa, ndugu zao na sisi wahudumu, tunaamini moyoni kwamba kilichochomwa kina nguvu kuliko kilichomezwa. Nimeona ndugu wakinung'unika dripu inapotolewa, kana kwamba mgonjwa wao ameachwa.

Kwa dawa kadhaa imani hiyo haina msingi. Metronidazoli, flukonazoli na linezolidi zikimezwa na mtu ambaye tumbo lake linafanya kazi, karibu zote huingia kwenye damu. Na mwaka 2019 majaribio mawili yaligusa hata maradhi tuliyozoea kuyatibu kwa mshipa kwa wiki nyingi. Moja, la Uingereza, lilikuwa na wagonjwa 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na maungio. Jingine, la Denmark, lilikuwa na wagonjwa 400 wenye maambukizi ya vali za moyo waliokwisha kutulia. Katika yote mawili, waliohamishiwa kwenye dawa za kumeza hawakupata matokeo mabaya kuliko waliobaki na sindano.

Uamuzi wa kuhamia kwenye vidonge ni wa daktari anayemjua mgonjwa, na si kila ugonjwa unaruhusu. Ninachosema ni kwamba kuuliza kila asubuhi kama mgonjwa anaweza kumeza ni sehemu ya kuzuia maambukizi sawa na kunawa mikono.

Kumpa mgonjwa swali

Wenzangu wengine walipendekeza tuwafundishe wagonjwa kuuliza, kama alivyouliza mzee. Nilisita, na bado nasita kidogo. Mgonjwa amelazwa kwa sababu hana nguvu. Wengi wanaona aibu kumhoji daktari, wengine hawawezi kuongea, na sioni haki ya kumkabidhi mtu mwenye homa kali kazi ambayo ni yetu. Mfumo unaotegemea ujasiri wa mgonjwa utawalinda wajasiri peke yao.

Lakini pia sitaki kunyamaza kuhusu maneno yale ya mzee: "Nilidhani ndivyo inavyokuwa." Alivumilia maumivu kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kanula haitakiwi kuuma. Hiyo si kazi tunayompa. Ni taarifa tunayomdai. Kwa hiyo siku hizi, ninapomaliza kufunga plasta, namwambia mgonjwa na ndugu aliye karibu kwamba ikiuma, ikiwaka, ikivimba, ikitoa majimaji au ikilowa, atuite mara moja, usiku au mchana, na kwamba hatatusumbua.

Kilichobadilika kwenye makabidhiano

Tulianza na swali moja wakati wa kukabidhiana zamu kitandani: kanula hii inatumika kwa nini leo? Anayekabidhi hujibu kwa sauti, na anayepokea huangalia kwa macho na kugusa kwa kidole juu ya plasta. Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Makabidhiano yalirefuka, na mwenzangu mmoja mwenye uzoefu kuliko mimi alisema kwa uchovu kwamba tunaongeza maneno kwenye kazi ambayo tayari haina muda. Alikuwa na haki ya kuchoka. Kilichombadilisha hakikuwa hoja zangu; ni mgonjwa ambaye, tulipomwangalia, alikuwa na kanula mbili, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kusema ya pili ni ya nini.

Hatua iliyosaidia zaidi, hata hivyo, ilikuwa ruhusa. Tulikaa na madaktari tukakubaliana kwamba muuguzi akikuta kanula isiyo na dawa, maji wala sababu iliyoandikwa, anaitoa bila kusubiri raundi, kisha anaandika. Miaka mingi kabla ya hapo, katika vyumba 103 vya wagonjwa mahututi, vingi vikiwa huko Michigan, Marekani, daktari Peter Pronovost na wenzake walitumia orodha ya hatua tano kwa kateta za mishipa mikuu, yaani mirija inayoingizwa kwenye mishipa mikubwa ya damu, na katika taarifa yao ya mwaka 2006 kiwango cha kati cha maambukizi kilishuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za kateta hadi sifuri ndani ya miezi 3. Watu hukumbuka kunawa, mavazi, klorheksidini na kuepuka kinena. Hatua ya tano ilikuwa kuziondoa kateta zisizo na lazima. Na huko pia muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua. Orodha bila mamlaka hayo ingebaki karatasi.

Bado kuna mahali panapovuja. Wagonjwa wanaohamishwa kutoka chumba cha upasuaji hufika na kanula kubwa ambazo zilikuwa na maana wakati wa upasuaji tu, na makubaliano yetu hayajawafikia wenzetu wa upande ule. Pia wapo wanaoruhusiwa jioni kwa haraka, na wachache kati yao wamewahi kufika nyumbani na kanula ikiwa bado mkononi. Kwa hiyo tumeongeza mstari kwenye fomu ya kuruhusiwa: mikono yote miwili ikaguliwe, mikono ya nguo ikiwa imekunjwa, kabla karatasi haijasainiwa.

Anayetolewa kanula namweleza pia kwamba hatari haiishi saa ileile. Mshipa unaweza kuanza kuvimba hata saa 48 baada ya kanula kutoka, kwa hiyo pale ilipokuwa pachunguzwe kila siku, na akiona wekundu unaopanda kufuata mshipa, usaha, au akipata homa na baridi kali, arudi hospitalini siku hiyohiyo na aseme wazi kwamba alikuwa na kanula, na ilikuwa mkono upi.